Mlango Uliogeuzwa

Jumamosi moja ya mwaka 1952, jua likielekea kuzama, nilikwenda Igurwa kumchukua mke wangu Kokubanza kwa mganga. Gari lilikuwa la tajiri wangu Bwana Cassian, Mhaya wa Muleba aliyekuwa akinunua kahawa huku kwetu Karagwe. Mimi nilikuwa dereva wake, na fundi pia. "Pastory, lipeleke taratibu," aliniambia. "Ni jipya kabisa, hata mwezi halijamaliza."

Kokubanza alikuwa ananisubiri kando ya barabara, mkono mmoja juu ya tumbo. Mimba mbili zilikuwa zimekwisha kuharibika. Hii ya tatu ilikuwa na miezi saba, na sote wawili tulikuwa tunaihesabu siku kwa siku.

"Mganga amesemaje?" nilimuuliza alipoketi.

"Amesema nyumbani mwetu kuna mtu amemeza neno. Akilitoa, mtoto atakaa. Asipolitoa, huyu naye ataondoka." Akanitazama. "Nimejitafuta moyoni, bwana. Mimi sina neno."

"Waganga nao hawakosi la kusema," nikamjibu, nikatia gia.

Neno nilikuwa nalo mimi. Lilikuwa na miaka mitatu tumboni mwangu.

Mwaka 1949 Wazungu wawili walileta gari la majaribio. Kiwanda chao kilikuwa hakijaanza kuunda ya kuuza. Walitaka kwanza kuona mawe yetu yangelifanya nini. Mimi walinichukua niwe fundi. Wa kuwaonyesha njia alikuwa Rwegoshora, mume wa kwanza wa Kokubanza, na ndugu yangu wa kuchanjiana. Tulichanjana karibu na kitovu, tukapaka damu kwenye punje mbili za kahawa zilizotoka katika tunda moja, kila mmoja akameza ya mwenzake. Kiapo chake si mchezo. Anayemficha mwenzake jambo la kumdhuru, nyumba yake haitazaa.

Lile gari nalikumbuka kuliko uso wa mama yangu. Lilikuwa na taa ya tatu katikati ya wavu wa mbele. Wipa zake zilining'inia kutoka juu ya kioo. Na milango ilifunguka kinyume, bawaba nyuma, kishikio mbele. Kila jioni Wazungu waliniuliza kasoro za siku hiyo wakaandika daftarini, nami niliwatajia zote mpaka za parafujo. Kasoro moja tu sikuitaja. Nilikuwa nimeubamiza mlango wa kushoto kwa hasira, ulimi wa kitasa ukakatika. Niliogopa kufukuzwa. Nikaukaza kwa kijiti na kupaka grisi juu.

Asubuhi Rwegoshora akauliza, kahawa ya kutafuna ikiwa shavuni kama kawaida yake, "Pastory, mlango umepona?"

"Umepona. Keti."

Kwenye mteremko wa Kituntu upepo uliingia penye ukingo wa mbele, ukaufungua mlango wote kwa nguvu, ukaenda na Rwegoshora. Gurudumu la nyuma lilimpanda. Wazungu walilia kweli. Kisha wakaupima ule mlango, wakaandika. Magari ya kuuza yalipokuja, milango ilikuwa imegeuzwa, bawaba mbele, ili upepo uibane badala ya kuifungua. Watu wakasifu akili za Wazungu. Mimi nikamwoa mjane, watu wakanisifu pia. Nilijichukia, lakini nilinyamaza.

Basi, tulifika juu ya mteremko huohuo giza likianza kuingia. Ukungu ulikuwa umepanda kutoka bondeni. Nikawasha taa.

Zikawaka tatu.

Nilipepesa macho. Gari la Bwana Cassian, la aina ileile, lilikuwa na taa mbili tu, nilizifuta mwenyewe mchana. Lakini katikati ya barabara, baina ya miale miwili, ulikuwapo wa tatu...

"Kuna harufu," Kokubanza akanong'ona. "Kahawa ya kutafuna."

Nilikanyaga breki, ikazama mpaka chini bila kushika. Gari likazidi kwenda.

Tak... tak... tak...

Ule mlio naujua. Ni ulimi wa kitasa uliokatika, unaogonga chuma. Ulitoka mlango wa kushoto, upande wa mbele, mahali penye bawaba.

"Bwana, mlango!"

Ulikuwa unafunguka kinyume. Upepo uliingia kwa mbele, baridi, ukamvuta mke wangu nguo. Nilimshika mkono. Nilihisi uzito wake wote ukiteleza kwenda nje, na tumbo lile, na mtoto wetu ndani yake.

Kisha sikioni mwangu, kwa upole kabisa:

"Pastory... mlango umepona?"

Nilitaka kusema umepona. Mungu anisamehe, hata pale ulimi ulitaka kusema umepona.

"Haujapona!" nikapiga kelele. "Niliuvunja mimi! Nilijua ni mbovu nikakuketisha! Ni mimi, Rwegoshora, ni mimi!"

Mlango ukajibamiza. Breki ikashika. Taa zilikuwa mbili, na injini ilikuwa imezimika.

Kokubanza alikaa akihema, mikono juu ya tumbo. Siku zote aliniita bwana. Jioni ile akasema, "Ulijua, Pastory?"

"Nilijua."

Nikawasha injini, tukaenda nyumbani taratibu.

Kesho yake niliukagua mlango. Bawaba zilikuwa mbele, zimekazwa, rangi haikupasuka popote. Nikakwangua rangi ya nguzo ya nyuma, mahali ambapo zamani bawaba zingekaa. Chini yake nikakuta matundu matatu yaliyozibwa kwa madini ya risasi. Nikakwangua wavu wa mbele katikati, nako nikakuta kiraka cha mviringo, ukubwa wa taa. Bwana Cassian alicheka sana nilipomwonyesha, ingawa si kicheko cha mtu mwenye furaha. "Kumbe Wazungu nao hawatupi kitu," alisema.

Kwa hiyo gari lilikuwa lilelile la majaribio. Hilo nalielewa. Lakini matundu yaliyozibwa kwa risasi hayafungui mlango.

Mtoto alizaliwa hai, wa kiume, na mama yake alimpa jina la Rwegoshora. Hakuniuliza, nami sikuthubutu kuuliza kwa nini amechagua lile. Tunaishi. Ananipikia, ananijibu, lakini gari hajalipanda tena, na habari ile ameapa mtoto hataisikia kinywani mwake.

Sasa mtoto ana miaka minne. Juzi jioni alinikimbilia barabarani, akaomba nimzungushe kidogo. Nikamwambia apande. Akaenda upande wa kushoto, akanyoosha kimkono chake na kuanza kupapasa ukingo wa mbele wa mlango, penye bawaba, akitafuta kishikio. Akapapasa juu, akapapasa chini.

"Kiko nyuma, mwanangu," nikamwambia.

Akakitazama kishikio. Kisha akanitazama mimi, bila hasira.

"Kumbe waligeuza," akasema.