Jina Juu ya Kanda

Kila Jumamosi mchana, akishateka maji na kupalilia viazi, Tusekile alikwenda kanisani Mbalizi kwenye mazoezi ya kwaya. Mwaka huo wa 1978 alikuwa darasa la saba, na siku zote aliamini kwamba zamu ya kuongoza nyimbo ingekuwa yake. Lakini Mwalimu Sedekia, aliyefundisha kwaya, alimchagua Damari, rafiki yake, aliyejiunga juzi tu. Tangu hapo roho ya Tusekile haikutulia. Damari akipaza sauti wenzake walitabasamu, naye alikunja uso kama aliyemeza shubiri.

Kwaya ilikuwa imealikwa kuimba Iringa. Ili wapate nauli, walirekodi nyimbo zao, wakapanga kuuza nakala huko Tunduma, mpakani na Zambia. Kanda ya kwanza ilitunzwa na Mzee Yotamu, baba yake Tusekile, kwa kuwa ndiye pekee aliyekuwa na redio kaseti. Majirani walikuja kuisikiliza, na kila aliyeondoka alimsifu Damari. Sauti ya Tusekile hakuna aliyeiulizia.

“Gwe Tusekile, mbona huli?” mama yake alimwuliza siku moja.

“Nimeshiba, mama.”

Alikuwa ameshiba wivu.

Kesho yake wazazi wakiwa shambani, alipita Marcelino, mchuuzi wa kanda kutoka Mbeya mjini. Jinsi alivyozipata hizo kanda halikuwa jambo la siri. Yeye na wenzake waliweka redio mbili uso kwa uso, moja ikaimba, nyingine ikarekodi. Ukisikiliza vizuri, katikati ya wimbo ulisikia jogoo wao akiwika. Wenye nyimbo hawakuambulia kitu.

“Kanda ya kwaya si iko hapa?” akasema. “Niazime, binti. Keshokutwa nairudisha.”

“Baba hajaniruhusu.”

“Kwani atajua? Nitaandika jina la mwimbaji mkuu juu ya jalada, wamjue mpaka Zambia. Ndiyo wewe, nini?”

Tusekile alilijua jibu la kweli. Aliliona lile jalada, akaliona na jina la Damari juu yake, na moyo ukamchoma.

“Ndiyo mimi, Tusekile,” akasema, akaingia ndani kuichukua kanda.

Marcelino aliirudisha kama alivyoahidi. Lakini kwaya ilipompeleka Anania, mmoja wa waimbaji, Tunduma na kapu la kanda, alirudi nalo limejaa vilevile. Wateja hata hawakutaka kuzitazama. Walimwambia nyimbo hizo wanazo tayari. Safari ya Iringa ikaanza kuota mbawa. Kibaya zaidi, wanakwaya wakaanza kumtazama Mzee Yotamu kwa jicho la pembeni.

“Ndugu Yotamu, kama ulikuwa na shida ungetuambia,” Mwalimu Sedekia alimwambia mbele ya watu.

Mzee Yotamu aliapa kwamba hajui lolote, lakini hakuna aliyemwamini. Tusekile alisikia yote, akaondoka bila kukiri. Usiku huo na uliofuata baba yake hakugusa redio.

Kumbe si kwaya yao peke yake iliyolalamika. Malalamiko yalikuwa yametoka pande zote mbili za mpaka. Asubuhi moja polisi wa Tanzania na wa Zambia walipekua maduka kwa wakati mmoja, kila mmoja upande wake, hata waliotaka kuvuka mpaka wakakosa pa kukimbilia. Marcelino na wenzake wakakamatwa na maboksi tele ya kanda.

Jumamosi iliyofuata askari aliingia kwenye mazoezi ameshika kanda moja.

“Marcelino anadai hakuiba,” alisema. “Anasema mwimbaji wenu mkuu alimpa kwa hiari yake, na jina lake ndilo hili. Tusekile ni nani?”

Kwaya nzima iligeuka. Damari ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema.

“Afande, labda wamemsingizia. Tusekile hawezi kufanya hivyo.”

Utetezi huo ulimuuma Tusekile kuliko swali lenyewe. Akasimama.

“Ni mimi niliyempa. Baba hakujua. Na mwimbaji mkuu ni Damari. Nilimwonea wivu, nikataka jina langu ndilo lisikike.”

Askari alisema mtoto hawezi kumruhusu mtu kuchukua mali ya kwaya, na Marcelino alilijua hilo fika. Kanda za akina Marcelino zikaharibiwa. Za kwaya zikanunuliwa, na nauli ikapatikana. Mwalimu Sedekia alimwomba Mzee Yotamu radhi mbele ya watu, kama alivyomshutumu. Tusekile aliambiwa hatakwenda Iringa.

Siku ya safari alisaidia kupakia ngoma kwenye basi, kisha akasimama kando ya barabara na baba yake.

“Ulitaka jina, mwanangu, na umelipata,” Mzee Yotamu alisema. “Limefika Zambia, likaonekana kwenye mali ya wizi. Wimbo ni jasho la walioimba. Anayeuchukua bila ruhusa ni mwizi sawa na anayevuna shamba la mwenzake. Nawe ulimpa kwa sababu ya wivu.”

“Bado naona wivu, baba.”

“Najua. Wivu hauondoki kwa siku moja. Ila usiuache ukuamulie la kufanya.”

Basi likaondoka. Dirishani Damari alianza wimbo wa kwanza. Wenzake walipoitikia, Tusekile naye akaitikia peke yake barabarani, mpaka basi likatoweka.