Mtaalamu wa Ukungu Alisema Nyumba Iko Salama

"Lakini mtaalamu alisema nyumba iko salama."

Mume wangu alisema hivyo nikiwa nimempakata binti yetu sakafuni, midomo imepauka, kifua kinapanda na kushuka lakini hewa haiingii...

Ndugu zangu mnaosoma, nilimwambia tu atafute gari.

Binti yetu ana miaka sita. Tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki, hata usingizini anabishana na watu. Asubuhi ile alishindwa kumaliza neno "mama".

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Nyumba tunayokaa aliijenga marehemu baba mkwe kwa mikono yake. Tunakaa na mama mkwe. Chumba cha Kasuku kimepakana na bafu, na mvua zilipoanza kikawa kinanuka kama nguo zilizokunjwa mbichi. Nikavuta kabati. Nyuma yake ukuta mweusi, ukungu umetambaa kutoka sakafuni hadi usawa wa kifua changu.

Nikamwita mume wangu.

"Bomba la bafuni linavuja humu ndani. Tubomoe, tulitengeneze."

"Tubomoe ukuta wa baba kwa sababu ya madoa?"

"Mtoto anakohoa."

"Watoto wote wanakohoa. Tulete mtaalamu apime kwanza. Akisema hewa ni mbaya, nabomoa mwenyewe."

Nikaona sawa. Nani anakataa kipimo? Nikamhamishia Kasuku chumbani kwetu, tukasubiri.

Siku ya kupima mimi nilikuwa saluni, nasuka watu. Jioni mume wangu alinipokea mlangoni anatabasamu.

"Hewa safi kabisa. Mrudishe mtoto chumbani kwake, na hizi kelele za ukungu ziishe."

Kabati lilikuwa limerudishwa ukutani. Chumba kilinukia sabuni, nikajua ni mama mkwe, maana yeye akisikia kuna mgeni, hata kizingiti kinasuguliwa. Sikuwaza zaidi. Nilikuwa nimechoka kuitwa mwenye gubu, na mtu wa vipimo alikuwa ameshasema. Nikamtandikia Kasuku kitanda chake.

Wiki chache baadaye ndiyo ikawa asubuhi ile.

Hospitali walimvika barakoa ya hewa, rangi ikaanza kumrudi. Daktari akatoka kutuuliza pale kwenye benchi, mimi, mume wangu na mama mkwe.

"Nyumbani kuna unyevu? Ukungu?"

"Tulishapima, hakuna," mume wangu akawahi kujibu.

Mama mkwe akasimama.

"Daktari, ule ukuta niliusugua mimi. Siku ya kupimwa."

Najua, wengi wenu hapo mmeshamkalia mama mkwe kooni. Hata mimi nilianza hivyo.

"Mama, nyamaza," mume wangu akasema.

"Sinyamazi. Wewe ndiye uliyeniambia nisugue kwa dawa ya kung'arisha nguo, nifungue madirisha tangu asubuhi. Nikakuuliza, mtu anakuja kutafuta ukungu, mbona tunausafisha? Ukasema ndivyo alivyoagiza mtaalamu."

Nikachukua simu ya mume wangu mkononi mwake, nikampigia mtaalamu palepale, nikamuuliza kama ndiye aliyeagiza ukuta usuguliwe.

"Hapana, dada," akasema. "Niliagiza msiguse ukuta, na madirisha yafungwe tangu jana yake. Nilipofika nilisikia harufu ya dawa, mumeo akasema ni ya bafuni. Nikamuuliza kama kuna madoa popote, akasema hakuna."

"Yalikuwepo."

"Basi hamkuwa na haja ya kunilipa. Ukungu ukishauona kwa macho, upime nini tena? Unatafuta maji yanatoka wapi."

Nikamrudishia mume wangu simu.

"Nilitaka ubishi uishe tu," akasema. "Ule ukuta... baba aliujenga akiwa mgonjwa."

Nilisubiri hasira ije. Haikuja. Niliona mdomo wake unaendelea kusema, nikaona kola ya shati lake imekunjika, nikarudi kukaa na mtoto wangu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi.

Tuliporudi nyumbani, mama mkwe alipitiliza hadi stoo, akatoka na nyundo. Akavuta kabati mwenyewe. Akaupiga ukuta wa mume wake, na plasta ikadondoka mbichi kama unga uliokandwa. Ndani bomba lilikuwa limeoza.

Mume wangu akaja kumpokea nyundo.

"Hii niachie," mama akamwambia. "Wewe leta ndoo uzoe kifusi."

Mnaniuliza huko inbox kama kupima ukungu kuna maana. Maana ipo, kama unasikia harufu na huoni kitu, au fundi amemaliza kazi na unataka uhakika. Ila kama unauona na mtoto anakohoa, hiyo pesa mpe fundi. Na ukiamua kupima, uwepo mwenyewe. Kipimo hakidanganyi, ila mtu anaweza kukiandalia cha kupima.

Kasuku anapumua vizuri sasa. Mume wangu kila siku ananiuliza kama nimemsamehe.

Namwambia chakula kiko mezani.