Alama ya Ngazi ya Saba

Siku babu alipofariki, nyumba ilichelewa kuamka. Kila alfajiri waliamshwa na mlio wa tindo zake akizinoa uani. Siku ile hawakusikia kitu, na bibi alipokwenda kumtikisa, akamkuta ameshapoa.

Mjukuu wake wa miaka kumi na miwili, ambaye nyumba nzima ilimwita Mjuaji kwa kupenda kubisha, aliachiwa safari ya babu. Ujanani babu alikuwa mwashi wa mawe. Alivuka mpaka kwenda kukarabati ngazi za nyumba ya ibada ya kale. "Ngazi ya saba ni yangu," alizoea kusema. "Nimeacha alama." Alikuwa amemwahidi bibi kumpeleka akaione, lakini sasa miguu ya bibi haikuweza safari.

"Nenda na shangazi yako," bibi alimwambia. "Uje uniambie kama bado ipo."

Walifika baada ya siku mbili za kukaa kwenye basi, na basi la kurudi lilikuwa linaondoka baada ya saa moja.

"Viatu na soksi viacheni hapa," mlinzi mzee alisema mlangoni. "Simu hazitolewi ndani. Na kimya, watu wanasali."

"Mawe yana baridi," Mjuaji alinung'unika. "Na soksi si viatu."

"Umeambiwa uvue soksi!" shangazi alimnong'oneza.

"Lakini kwetu..."

"Kwetu tumepaacha siku mbili nyuma!"

Mjuaji alizivua, akazificha mfukoni. Alipokata kona, shangazi akiwa bado anahangaika na kamba za viatu vyake, akazivaa tena.

Kwenye ngazi ya saba alitazama huku na huku asione kitu. Akachuchumaa katikati ya njia. Mama mmoja aliyekuwa akishuka na mtoto mgongoni ikabidi asimame. Mjuaji akatoa simu, akawasha taa yake. Watu waliokuwa wakisali wakageuka.

"Toka," mlinzi alisema nyuma yake. Walipofika nje akatazama miguu ya Mjuaji. "Na soksi juu!"

Shangazi alishika kichwa. "Ewe mtoto, masikio umepewa ya kuning'inizia hereni tu? Baba yangu alifanya kazi humu miezi sita bila kumkosea mtu. Wewe dakika tano tu, umeshamwaibisha!"

Mjuaji akaanza kulia. "Nilitaka kumpigia bibi picha ya alama ya babu. Haipo! Imefutika."

Mlinzi alishusha pumzi ndefu. "Babu yako alikuwa mwashi? Binti, humu fundi haruhusiwi kuandika jina lake. Huchonga alama ndogo ukingoni, karibu na ukuta, ya kuguswa kwa unyayo. Mwenye soksi haipati. Ningekueleza pale pale mlangoni, kama ungeuliza badala ya kubisha."

"Tusamehe, mzee wangu," shangazi alisema.

"Aanze na yule mama aliyezibiwa njia."

Mjuaji alikwenda kumwomba radhi, kisha akarudi na kumkabidhi mlinzi simu na soksi. Safari hii alipanda pekupeku, akihesabu kimoyomoyo. Kwenye ngazi ya saba, kidole gumba cha mguu kilizama mahali. Mistari mitatu, kama unyayo wa kuku. Alisimama hapo mpaka shangazi alipofika na kuweka mguu wake. Shangazi alifuta macho kwa upande wa khanga.

Walipotoka nje ndipo aliposema, "Baba alivua viatu kama wenyeji, ndiyo maana alijua pa kuiweka. Ukiwa ugenini, fuata kwanza, halafu uliza. Wenye mahali wana sababu zao, hata kama wewe huzioni."

Mjuaji hakubisha.

Walirudi bila picha. Bibi alinyoosha mguu kitandani, na Mjuaji akamchorea kwa ukucha mistari mitatu kwenye unyayo.

"Ipo," bibi alisema.

Siku hizi tindo za babu zimefungwa ndani ya gunia, na nyumba huamshwa na saa ya mezani.