Mstari wa B

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mahesabu alifagia nyuzi na vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya mama yake. Jina hilo alipewa na wenzake kwa sababu alihesabu kila kitu: ngazi za shule, vifungo vya shati la mwalimu, hata miayo ya baba yake.

Asubuhi ile hakuhesabu chochote. Matokeo ya hisabati yalikuwa yanabandikwa, na aliyepata B au zaidi ndiye angeingia mkondo wa sayansi.

Kwenye ubao wa matangazo aliliona jina lake. Alama 62. Daraja C.

"Haiwezekani! Mwaka jana B ilianzia sitini!"

"Mwaka jana ulishapita, Mahesabu," rafiki yake akamcheka. "Soma pale juu. Mara hii inaanzia sitini na tano."

Nyumbani alimweleza mama alama zake na swali aliloliacha. Mama alitoa pini alizokuwa amebana mdomoni. "Swali la mwisho hukuligusa. Kwa nini?"

"Muda, mama. Walikusanya karatasi mapema."

"Mapema kwa dakika ngapi?"

"Kumi... kumi na tano."

Mama akazima pasi, akachukua mtandio wake. "Twende shuleni. Mtu hawezi kumwibia mwanangu dakika kumi na tano, mimi nikakaa nashona."

Njiani Mahesabu alibaki nyuma. Mara mbili alifungua mdomo, mara mbili akaufunga. Mama alikuwa mbele, anatembea kama anayekimbizwa na mvua.

Mwalimu wa hisabati aliwasikiliza bila kuwakatiza. Kisha akatoa karatasi ya majibu kabatini, akaiweka mezani na kuonyesha pembeni kwa kidole. Palikuwa na hesabu ya kujumlisha kwa penseli, jumla 62, imepigiwa mistari miwili. Chini yake: B.

"Mama, alijumlisha alama za maswali aliyokuwa na hakika nayo," mwalimu alisema. "Na hakukosea hata moja."

Mama akamgeukia binti yake. "Sema wewe."

"Muda haukuisha." Sauti yake ilisikika kwa shida. "Zilibaki dakika ishirini. Niliona B ninayo tayari, na swali la mwisho lilikuwa refu."

"Nawe ukaniacha nije kumgombeza mtu asiye na kosa."

"Nisamehe, mama. Nisamehe, mwalimu."

Mwalimu alivua miwani. "Mpaka wa daraja hatuupangi kabla ya mtihani. Tunasahihisha kwanza, tunaangalia ulikuwa mgumu kiasi gani. Ukiwa mgumu, mpaka unashuka. Ukiwa mwepesi, unapanda, ili B ya mwaka huu iwe na uzito uleule wa mwaka jana. Huu ulikuwa mwepesi." Akairudisha karatasi kabatini. "Waliokosa kwa alama zisizozidi tano wana mtihani wa marudio Ijumaa. Mmoja tu."

"B itaanzia ngapi?" Mahesabu akaropoka.

Mama alimtazama kwa jicho kali. Mwalimu akatabasamu kidogo. "Hata mimi sijui."

Ijumaa, alipofika katikati ya mtihani, penseli ilimpeleka yenyewe pembeni mwa karatasi. Alikwisha kuandika 6 + 5 alipozinduka. Akafuta, akaendelea. Swali la mwisho alilikosea, akalianza upya. Aliandika jibu, na hapo hapo kengele ikalia.

Jumatatu aliingia mbio, karatasi mkononi. Alama 70. B ilianzia sitini na tisa.

"Swali la mwisho lilikuwa na alama ngapi?" mama aliuliza.

"Nane."

"Toa nane."

Mahesabu akapiga hesabu. "Sitini na mbili. Zilezile."

Mama alitandaza kitambaa mezani. "Mteja wangu ana kiuno cha inchi thelathini. Nikate thelathini kamili?"

"Hapana. Acha kidogo cha kushonea, nguo isije ikambana."

"Vizuri, unajua. Basi kazi yako usiipimie ikutoshe tu, ifanye mpaka mwisho. Na ukikosea, niambie ukweli. Nguo iliyokosewa naifumua nashona upya, lakini kosa ulilonificha nitalifumuaje?"

"Nimeelewa, mama."

"Haya, hongera. Sasa shika ufagio, leo asubuhi ulinikimbia na nyuzi bado zipo."