Neno la Tisa

Kwenye kanda, mkewe alisema maneno manane. Kwenye diski alisema tisa.

Dereva wa gari la wagonjwa aliyahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, akarudisha nyuma, akahesabu tena. "Acha bwana, nimechoka, piga picha wale wanaocheza kule." Hayo ndiyo manane, na aliyajua kuliko alivyoijua namba ya gari lake. Ilikuwa harusi ya jirani, miaka minne nyuma. Mpiga picha anamgeuzia kamera, yeye anainua kiganja, anacheka, anasema hayo, anageuka. Sekunde kumi na moja, basi. Lakini sasa, baada ya "kule" na kabla hajageuka, midomo ilifunguka mara moja zaidi.

"Njoo," alisema.

Mtu mwingine angekimbia kupitia dirishani. Dereva alibaki na rimoti mkononi, akajiambia kwamba huenda amekuwa akihesabu vibaya miaka yote hiyo, kisha akainuka kwenda kupasha chai.

Ndivyo alivyokuwa tangu msiba wa mkewe. Miezi saba ilikuwa imepita na hajatoa hata chozi la kusingizia. Waliompa pole aliwajibu "tumeshapoa" kwa sauti ileile aliyomwambia muuza mafuta ajaze tangi. Kazini alipakia wagonjwa, alishusha maiti, akabamiza milango ya nyuma ya gari na kwenda kunawa mikono. Mwili wake wote ulikuwa kama mguu uliokaliwa vibaya ukafa ganzi: unausimamia, unakubeba, lakini si wako.

Kilichomfanya anunue deki ya kurekodi diski ni swali la binti yake, mtoto wa miaka kumi.

"Baba, mama alikuwa na sauti nzito au nyembamba?"

Alijaribu kuisikia kichwani, akakuta imemtoka. Wakaitoa kanda kabatini, wakaona imeota ukungu mweupe pembeni kama mkate wa juzi. Siku yoyote ingekatika. Sauti ya mama wa mtoto ilikuwa mle ndani tu, hapakuwa na mahali pengine popote duniani ilipobaki.

Alikuwa mtu wa kufuata maelekezo. Dereva wa wagonjwa asiyefuata maelekezo huishia kuwa dereva wa maiti. Jumapili mchana alikisoma kijitabu cha deki ukurasa kwa ukurasa. Aliiweka mahali tambarare, si juu ya runinga yenye joto, akaacha upana wa vidole vinne kati yake na ukuta ili ipate hewa. Alikausha mikono. Aliunganisha nyaya kwanza na umeme mwisho: wa njano wa picha, mwekundu na mweupe wa sauti, kutoka tundu la kutolea la deki ya kanda hadi tundu la kuingizia la deki mpya. Alimfundisha binti yake kushika diski kwa ukingo. Akamwonya asiweke kikombe juu ya deki, wala asijaribu kuifungua achungulie ndani, maana mle mna mwanga unaoharibu macho.

"Na radi zikianza?" alimuuliza.

"Tunachomoa. Tunashika kichwa cha waya, hatuvuti waya."

"Safi, mama."

Kisha, bila kufikiri, akaifunika deki kwa kitambaa cheupe cha kufuma. Marehemu hakuacha chombo kikae uchi nyumbani kwake; redio, pasi, hata birika vilikuwa na vitambaa vyao. Kijitabu kilikataza kufunika, lakini mikono haikujua kusoma.

Walinakili zile sekunde kumi na moja peke yake, kwenye diski tupu. Zilipoisha, deki ya zamani ikaitafuna kanda na kuitapika ikiwa utepe uliokunjamana, haufai hata kufungia mzigo. Ikabaki diski. Deki mpya ikaandika kwenye kioo: je, diski ifungwe? Ikishafungwa, hakuna kitakachoweza kuongezwa.

Kijitabu kilisema funga. Kaburini dereva ndiye aliyetupa udongo wa kwanza, na mkono haukutetemeka. Leo kidole kilisimama juu ya kitufe na kikakataa kushuka. Hakuna kitakachoweza kuongezwa. Alibonyeza Hapana.

Kesho yake ndipo lilipokuja lile neno la tisa.

Jumanne maneno yakawa kumi na mawili. "Njoo. Mbona uko mbali?" Alhamisi mkewe hakugeuka tena. Alibaki amekabili kamera, kiganja kimeshuka, na nyuma yake wachezaji wa harusi wote walikuwa wamesimama wima, wamempa mgongo. Siku hiyo sebule ilianza kunuka nywele zilizoungua.

Akadhani ni kitambaa, akakitoa. Akaisogeza deki mbali zaidi na ukuta, akaipangusa vumbi, akaichomoa na kuiacha ipoe saa nzima. Harufu haikutoka. Alipoweka pua kwenye matundu ya deki hakusikia kitu. Harufu ilikuwa kwenye kigoda cha mtoto, mbele ya runinga.

Alipaswa kuogopa. Badala yake aliongeza sauti. Mkewe alimwambia kwamba kifungo cha pili cha shati lake kimelegea, na kweli kilikuwa kimelegea. Alimwambia amekonda. Kwa miezi saba hakuna mtu aliyeona kifungo chake wala kukonda kwake. Kifuani akahisi vichomo vidogovidogo, kama vya mguu unaoanza kuamka kwenye ganzi, na akavitaka zaidi. Kwa hiyo hakumwambia mtu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu aliyaficha maradhi yake kwenye kabati la runinga, palepale mtoto alipokuwa akikaa kila akirudi kutoka shule.

Dada mkubwa wa dereva ndiye aliyemlea mtoto mchana. Alimpita kwa miaka sita, na mdomo wake haukujua likizo. Ijumaa saa kumi alasiri, dereva aliporudi kutoka kazini, alimkuta dada huyo amesimama ukumbini na beseni la nguo, kimya. Kimya chake peke yake kilitosha kumsimamisha.

"Usipige kelele," dada alinong'ona.

"Kuna nini?"

"Mwanao anaongea na mama yake."

"Anaangalia diski tu, dada."

"Mdogo wangu." Mkono aliomshika nao ulikuwa wa baridi. "Umeme umekatika tangu saa saba."

Aliingia, na kwa kuwa mapazia yalikuwa wazi na jua la alasiri limejaa sebuleni hapakuwa na giza la kulisingizia, aliona kila kitu kama kilivyo: binti yake amekaa kwenye kigoda, paji la uso limegusa kioo, nywele za mbele zimejikunja na kutoa moshi mwembamba, na ndani ya kioo, bila taa hata moja ya deki kuwaka, uso wa mkewe umejaa kutoka pembe hadi pembe, mkubwa mno, ukicheka kicheko kile cha harusi ambacho sasa hakikuwa na mwisho, na midomo ikimsomesha mtoto neno baada ya neno kwa upole wa mwalimu mzuri, na mtoto akiyarudia, "nimechoka huku peke yangu, nimechoka huku peke yangu," mpaka haikujulikana tena ni yupi anayesema na ni yupi anayerudia.

Alimbeba mtoto kwa nguvu. Kioo kikawa cheusi. Mtoto alimtazama kama mtu aliyeamshwa usingizini na kuuliza, "Kwani nimekosa nini, baba?"

Kesho yake umeme uliporudi, dada alimleta Pande Mbili. Ni mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa waya. Asubuhi hutengeneza redio, alasiri hutoa majini, na wenye wivu husema kazi zote mbili anaziacha nusu. Hakuleta ubani wala ngoma. Aliomba rimoti. Akatazama mara moja bila sauti, akazima.

"Diski hii ina nafasi ya dakika mia na ishirini," alisema. "Mkeo amechukua ngapi?"

"Sekunde kumi na moja."

"Basi umejenga nyumba ya vyumba mia na ishirini, ukamlaza marehemu kwenye kona ya kimoja, ukaondoka hujafunga. Ulidhani hatahamia mtu?"

"Kwa hiyo... si yeye?"

"Aliyekufa ameshakwenda zake, baba. Huyo amevaa sauti yake, kama mwizi aliyevaa koti la mwenye nyumba. Analivaa mpaka alichakaze."

"Tuivunje!" dada alidakia. "Nyundo iko jikoni."

"Ukibomoa nyumba, mpangaji anatoka. Humu ndani mko wangapi?"

Dada alimtazama mtoto.

"Inafungwa, kama kijitabu kilivyosema," alisema mzee. "Ni dakika nne. Katika dakika hizo usizime umeme, usifungue mlango wa diski, na akikuita usimjibu. Mtoto akae nje, asisikie hata neno."

"Sauti itabaki?"

"Kitakachobaki sikijui. Ninachojua ni kwamba anamtaka mwanao, na ameshafika nusu ya njia."

Ampoteze mtoto, au ampoteze mkewe mara ya pili. Uamuzi wenyewe haukuwa mgumu, kidole ndicho kilichokuwa kizito. Dada alimtoa mtoto kibarazani. Mzee alishika kichwa cha waya ukutani kwa mikono miwili, kisichomoke. Dereva akabonyeza Ndiyo.

Dakika ya kwanza deki ilikoroma tu. Ya pili ikaanza kunuka, na kioo kikawaka chenyewe, na yule wa kiooni hakuwa akicheka tena, alikuwa akimwita dereva kwa jina ambalo mkewe alimwitia chumbani tu wakiwa wawili, akimuuliza atakula na nani, atamsimulia nani safari zake, akimwambia kwamba alimngoja siku ile hospitalini na gari lake halikuja, lilikuwa limekwenda kuwachukua wagonjwa wa watu, na hilo lilikuwa kweli tupu ambayo dereva hajapata kumwambia mtu, na sauti ikazidi kupanda huku taa ya dari ikififia na kurudi, ikififia na kurudi, na mzee akisoma alichokuwa akisoma kwa meno yaliyobana, na dereva akiuma ulimi asijibu mpaka akaonja damu, mpaka deki ikalia mlio mmoja mfupi na kioo kikaandika kwamba kazi imekamilika.

Walitoka nje. Dada alikuwa kibarazani, amefumba macho, anaomba kwa nguvu zake zote, na mkono wa mtoto haukuwa tena mkononi mwake. Mtoto alikuwa amesimama upande wa pili, sikio kwenye dirisha la sebule.

"Umesikia kitu?" baba yake alimuuliza.

Akatikisa kichwa kukataa.

Waliicheza diski. Sekunde zilikuwa kumi na moja, wachezaji wanacheza, kiganja kinainuka, midomo inasema maneno yake manane na mke anageuka. Lakini hapakuwa na sauti. Waliongeza mpaka mwisho, wakakagua nyaya nyekundu na nyeupe. Ilikuwa imelika yote.

"Pole," alisema Pande Mbili, akivaa viatu. "Lakini sikilizeni. Mkiisikia sauti ile popote, hata kwenye kikohozi, msijibu. Niiteni siku hiyohiyo. Ikijibiwa, mimi siiwezi tena." Akaandika namba yake ya simu ukutani, juu ya swichi, kwa kalamu ya kuandikia diski.

Nyumba ikatulia. Dereva alikwenda kazini, alirudi, alilala. Vile vichomo vya kifuani vilikwisha, na ganzi ikarudi ilipokuwa, nzito kuliko mwanzo, kwa sababu sasa alijua inavyokuwa ikiondoka kidogo. Mtoto alikwenda shule na kurudi. Alikuwa mkimya. Watu walisema ndiyo ukubwa.

Jumamosi iliyofuata, adhuhuri, dereva alikuwa sebuleni anapiga viatu rangi. Dada alikuwa uani, anaanika nguo.

"Chakula kinapoa," ilisema sauti ile mlangoni.

Brashi ilimponyoka. Binti yake alikuwa amesimama na sahani mbili, sare ya shule ya jana bado mwilini, mabega yameinama kidogo upande mmoja kama ya mama yake. Chumba kilinuka nywele zilizoungua. Namba ya mzee ilikuwa ukutani, hatua tatu. Dada aliimba uani. Angeitwa mara moja tu angekuja.

Vile vichomo vya kifuani vikamrudia dereva vyote kwa pamoja, na machozi yakamtoka, ya kwanza tangu msiba, mengi, ya moto. Aliinuka. Alikwenda mpaka mlango wa uani, akaufunga taratibu ili dada asisikie, kisha akarudi na kupiga magoti mbele ya mtoto.

"Sema tena," alimwambia.