Kibodi Iliyogoma Kutokea

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi za kufanya. Alichemsha maji, akamsaidia baba yake kunawa uso, akamkalisha kwenye kiti chenye mito miwili, kisha akamwekea kompyuta mpakato juu ya meza ndogo mbele yake. Jina lake halisi lilikuwa jingine. Walimwita Chiriku kwa sababu alipoanza kuongea hakujua pa kuweka nukta. Lakini siku hizi aliongea kidogo. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, na alichoka kama mtu mzima.

Mama yake alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini. Alitoka nyumbani mapema na kurudi saa kumi jioni, miguu imevimba na vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Saa ambazo mama na mtoto hawakuwepo, bibi jirani alikuja na ushonaji wake akakaa na mgonjwa.

Baba alikuwa mwalimu wa hesabu. Miezi minane iliyopita alipatwa na kiharusi. Ugonjwa huo ulimnyima sauti na nguvu za upande wa kulia, lakini akili yake ilibaki vilevile. Akitazama daftari la Chiriku mara moja tu, alijua kosa liko wapi, na aligonga pale kwa kidole. Mkono wake wa kushoto ulitetemeka. Vitufe vya kompyuta vilikuwa vidogo mno kwake. Alibonyeza viwili kwa pamoja. Ndipo fundi wa kompyuta wa pale karibu na soko, mama mmoja aliyeitwa Fundi Miwani, akaipanga kompyuta ile ili baba akigusa skrini, kibodi yenye herufi kubwa itokee chini. Baba aligusa herufi moja moja kwa kidole, na maneno yakajiandika.

Hivyo ndivyo alivyozungumza. "Chai imepoa." "Fungua dirisha." Siku moja aliandika, "Mama yako hoi. Leo osha vyombo bila kuambiwa."

Jumatano, mwalimu wa sayansi alitoa kazi ya kuandika kwa kompyuta. Chiriku aliporudi nyumbani alifua, akamlisha baba, na baba aliposinzia akaichukua kompyuta. Kila alipogusa skrini kusogeza ukurasa, herufi kubwa ziliruka juu zikafunika nusu ya kazi yake. Mara ya kwanza alizifunga. Mara ya kumi alisonya. Akaingia kwenye mipangilio, akapekuapekua mpaka akaona swali: kibodi ya skrini itokee wakati gani? Akachagua "Kamwe." Herufi hazikumsumbua tena.

"Nikimaliza nitairudisha," alijiambia. Lakini alipomaliza, mama alimwita waanue nguo, na baada ya hapo usingizi ukamchukua juu ya madaftari.

Alhamisi asubuhi baba aligusa skrini. Kimya. Akagusa tena. Hakuna kilichotokea. Akamtazama binti yake.

"Izime, uiwashe," mama alisema huku akifunga kitambaa kichwani, tayari kutoka. Chiriku akaizima, akaiwasha. Kimya kilekile. "Kuna mtu kaichezea?"

Chiriku alikumbuka. "Sijui, mama," akasema. Neno lilimtoka kabla hajalifikiria.

Mama alipoondoka, Chiriku alikimbilia mipangilio. Palikuwa na machaguo matatu: "Kamwe", "Ikiwa hakuna kibodi iliyounganishwa", na "Daima". Hakukumbuka lililokuwa limechaguliwa mwanzoni ni lipi. La pili lilionekana la maana, refu na lenye busara. Akalichagua, akagusa skrini. Wapi! Akaizima tena, akaiwasha tena. Wapi! Bibi jirani akabisha hodi, na muda wa shule ulikuwa unapita. Chiriku alikwenda shule akiamini ameiua kompyuta ya baba yake.

Jioni hiyo mambo yaliharibika. Kila siku saa kumi na moja baba alifanya mazoezi ya kutembea akishika ukuta, kutoka kwenye kiti hadi mlangoni. Siku hiyo alikataa kuinuka. Alishikilia kiti kama mtu aliye juu ya paa. Hata kidonge kipya alichopewa na daktari mwanzoni mwa wiki alikisukuma.

"Una maumivu?" mama aliuliza. Baba akatikisa kichwa: hapana.

"Umekasirika?" Hapana.

"Umekata tamaa?" Hapana, na chozi likamtoka.

Chiriku aliandika herufi zote kwenye kipande cha boksi, akamshikia. Kidole cha baba kikasafiri kikitetemeka. K. Halafu I. Halafu Z. Kisha mkono ukaanguka mapajani.

"Kiza!" Chiriku alisema kwa furaha. "Anasema kuna kiza!" Akakimbia kufungua pazia. Baba akafumba macho.

Mama aliketi sakafuni, mgongo ukutani. "Nimechoka, baba Chiriku. Nimechoka kukisia. Kama hutaki kupona, si useme tu!"

Mara akajiziba mdomo. Kusema ndiko kulikokuwa kumemshinda mumewe. Chiriku alitamani kusema, lakini alimtazama mama yake pale sakafuni, akaona si wakati wa kumwongezea mzigo. Akaenda kuosha vyombo.

Ijumaa mama aliomba ruhusa kazini, akampitia Chiriku shuleni, wakaipeleka kompyuta kwa Fundi Miwani. Duka lilikuwa chumba kimoja chembamba, nyaya zikining'inia kila mahali. Fundi alifuta skrini kwa kitambaa laini, akapitisha kidole kila pembe kuhakikisha mguso unafanya kazi. Ulifanya kazi. Akaizima, akaiwasha. Akatafuta virusi. Nusu saa ikapita.

"Hali hii imeanza lini?" aliuliza.

"Jana asubuhi," mama alijibu.

"Kuna mtu aligusa mipangilio?"

"Mimi, dada yangu, hata kuizima naogopa," mama alisema. Wote wawili wakamgeukia Chiriku.

"Sijui," akasema, macho chini.

Fundi alishusha pumzi. "Basi itakuwa programu zenyewe zimeharibika. Itabidi nifute kila kitu, niweke upya. Mniachie mpaka Jumatatu. Vilivyomo ndani nitajaribu kuviokoa, ila siahidi."

"Mpaka Jumatatu," mama alirudia. Hakubisha, hakuomba. Aliegemea meza ya fundi kwa mikono yote miwili kama mtu aliyetua gunia. Chiriku aliitazama ile mikono. Alikuwa amejiandaa kwa makelele. Kwa huu ukimya hakujiandaa.

"Mama," akasema, "ni mimi."

"Ni wewe nini?"

Akamwaga yote kwa pumzi moja: kazi ya sayansi, herufi zilizomsumbua, "Kamwe", kusahau, na jinsi alivyojaribu kutengeneza kwa siri akashindwa.

Fundi alishusha miwani hadi puani. "Mara ya pili ulichagua lipi?"

"Ikiwa hakuna kibodi iliyounganishwa."

"Na hii ni nini?" Fundi aligonga vitufe vya kompyuta.

"Kibodi."

"Imeunganishwa?"

Chiriku alitazama. "Imefungwa kwa skrubu."

"Sasa lawama ya nini? Kompyuta imekutii. Umeiambia itoe herufi siku itakapokosa kibodi, nayo kibodi inayo tangu kuzaliwa." Akabonyeza "Daima", akagusa skrini. Herufi kubwa zikapanda taratibu, safu kwa safu. "Nusu saa nzima natafuta ugonjwa, kumbe jibu umelifungia mdomoni. Mwanangu, fundi ni kama daktari. Akikuuliza umekula nini, hatafuti wa kumchapa. Anataka ajue aanzie wapi."

Walipofika nyumbani mama aliiweka kompyuta mbele ya mumewe, na kabla hajavua viatu kidole cha baba kilikuwa kimeshaanza kazi.

"Kizunguzungu," aliandika. Akapumzika, akaendelea. "Kidonge kipya. Nikisimama nyumba inazunguka. Niliogopa kuanguka."

Mama aliusoma ule mstari, akaweka mkono begani mwa mumewe. "Nisamehe," akasema. "Maneno yale ya jana, nisamehe." Kisha akampigia simu muuguzi wa kliniki. Muuguzi alishauriana na daktari, akasema kidonge kile kisimamishwe na mgonjwa apelekwe kesho yake asubuhi. "Mngemlazimisha kutembea angevunjika nyonga," alisema. Jumamosi daktari alibadilisha dawa, na Jumanne baba akafika mlangoni akishika ukuta.

Jioni hiyo ya Jumanne Chiriku alisimama mbele ya kiti cha baba akiwa na ndoo ya kupigia deki mkononi. "Baba, mimi ndiye niliyeifunga kibodi yako. Nikaficha. Nisamehe."

Baba akaanza kuandika. Alipumzika mara tatu kabla ya kumaliza.

"Siku mbili nilikuwa na neno moja tu, nikakosa njia ya kulitoa. Wewe pia ulikuwa na neno lako, na sauti unayo. Ukikosea, sema siku hiyohiyo, hata kama unatetemeka. Hakuna aliyejua kwamba jibu liko hapa hapa nyumbani, ndiyo maana tuliteseka."

"Nimesikia, baba."

Kidole hakikutoka kwenye skrini. Kiliandika tena: "Na ukichoka, sema pia."

Chiriku aliusoma mstari ule mara mbili. "Nimechoka, baba," akasema.

Mama alitoka jikoni, akaitwaa ndoo mkononi mwake. "Kesho nitaongea na bibi jirani, awe anabaki mpaka nirudi, upate muda wa masomo," alisema. "Sasa nenda kalale kidogo. Sakafu nitaipiga deki mimi."

Jua lilikuwa bado halijazama. Chiriku alijinyoosha kitandani bila kuvua sare, akasikia maji yakimwagwa na baba akigusagusa herufi zake, na hakujua alilala saa ngapi.