Roboti Iliyoandika Kinyume

Shangazi hunywa chai amesimama. Ni fundi cherehani, na kabla ya saa moja asubuhi tayari ana uzi mdomoni. Asubuhi ile aliniwekea kikombe mezani, akanichana nywele, akanifunga vifungo vya sare ambavyo naweza kuvifunga mwenyewe. Nilimwacha. Tangu mama afariki, miezi miwili iliyopita, watu wazima hunifanyia kila kitu, nami huwaacha. Sikuwa na huzuni, kama mnataka kujua. Sikuwa na kitu. Moyo ulikuwa umekufa ganzi tu.

"Umekunywa chai?" Shangazi aliuliza.

"Nimekunywa."

"Ilikuwa na sukari?"

Sikujua. Alitikisa kichwa, akanipa mkoba wangu.

Shuleni naitwa Mashoto, kwa sababu naandika, nachora na kula kwa mkono wa kushoto. Jina hilo alinipa rafiki yangu Redio, ambaye naye hakuitwa Redio bure: huongea tangu kengele ya kwanza hadi ya mwisho, na betri haziishi. Baada ya msiba, wenzangu wengine walianza kunong'ona nikipita. Redio peke yake aliendelea kunipigia kelele kama kawaida. Mara nyingi sikumjibu, na wala hakujali.

Muhula ule Mwalimu wa sayansi alitufundisha kuunda roboti za kuchora, wawili wawili. Msidhani ni kitu cha kutisha. Yetu ilikuwa kopo la siagi lenye mota mbili, magurudumu ya vifuniko vya chupa, betri, na kalamu ya wino mzito iliyopenyezwa katikati. Redio alikuwa fundi wa nyaya. Mimi niliandika amri kwenye kompyuta: MBELE, NYUMA, GEUKA KULIA, GEUKA KUSHOTO. Jumamosi wazazi wangekuja kutazama, na kila roboti ingeandika herufi moja. Nilichagua F, herufi ya kwanza ya jina la mama. Redio hakuuliza kwa nini, na kwake hilo lilikuwa jambo la ajabu.

"Roboti haijui ulichotaka," Mwalimu alituambia Jumatano tulipokuwa tunaandika amri. "Inajua ulichoandika. Msichanganye kulia na kushoto. Ukisahau, kulia ni upande wa mkono unaolia chakula."

Alhamisi tukajaribu. Kopo lilikwenda mbele vizuri, likachora mstari uliosimama. Kisha likageuka, na darasa zima likaangua kicheko. Mikono ya F yetu ilielekea upande usio wake, kama herufi inayoonekana kwenye kioo.

Mwalimu hakuitazama kompyuta. Alimtazama Redio.

"Wiki iliyopita ulibadilisha nyaya za wenzako kwa mzaha, roboti yao ikazunguka kama pia. Leo tena?"

"Sijagusa, Mwalimu! Haki ya Mungu! Mimi nikiiba ndizi mara moja, basi kila ganda barabarani ni langu?"

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alichomoa nyaya za mota mbili, akazibadilisha nafasi, akawasha. Roboti ikaandika F safi kabisa.

"Ushahidi ndio huo. Jumamosi hutaonyesha chochote, utakaa nyuma." Kisha akanigeukia, na sauti yake ikalainika kama anabembeleza mtoto mchanga. "Wewe usijali, mwanangu. Utaonyesha peke yako."

Redio alichukua mkoba wake akaenda kukaa dawati la mwisho. Nilijua napaswa kusikitika. Nilisubiri huzuni ije, haikuja.

Mchana nilikula peke yangu dawatini. Hakukuwa na wa kunipigia kelele, kwa hiyo nikabaki natazama sahani, kijiko, na mkono ulioshika kijiko. Mkono wa kushoto. Mkono unaolia chakula. Nikaacha kutafuna.

Mama alinionya nikiwa mdogo kabisa: "Wakikuambia kulia ni mkono wa kulia chakula, wewe geuza." Siku zote nilikuwa nageuza. Jumatano sikugeuza. Nilifungua daftari langu la amri, na hapo pa kuandika GEUKA KULIA nilikuwa nimeandika GEUKA KUSHOTO, tena kila mahali.

Ningeweza kunyamaza. Nani angenishuku? Mtoto aliyefiwa hakosei. Basi nikamaliza chakula changu, nawaambia kweli, mpaka punje ya mwisho. Halafu nikamtazama Redio kule nyuma. Alikuwa amelaza kichwa juu ya dawati, hasemi na mtu. Redio, kimya! Kitu kikanichoma kifuani, nikaogopa, maana nilikuwa nimesahau kuumia kukoje.

Nilimkuta Mwalimu ofisini. "Mwalimu, Redio hakufanya kitu. Ni mimi niliyekosea."

"Una moyo mzuri, mwanangu. Lakini usijibebeshe kosa la mwenzako."

"Ni langu."

"Tutaongea siku nyingine. Nenda ukapumzike."

"Sitaki kupumzika!" Nilijisikia nikipayuka. "Nataka uangalie kompyuta!"

Walimu wengine waliinua vichwa. Mwalimu aliinuka, tukaenda darasani. Nilirudisha nyaya kama Redio alivyozifunga. Nikafuta KUSHOTO, nikaandika KULIA. Roboti ikaandika F safi.

"Ulikoseaje?" aliuliza.

Niliinua mkono wa kushoto. "Huu ndio ninaolia chakula, Mwalimu."

Alifungua mdomo acheke, akaufunga. Kisha akamwita Redio mbele ya wote.

"Nimekuonea. Nisamehe. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, nami yako sikukupa. Niliona F nzuri nikadhani nimeupata ukweli, kumbe nimefunika kosa kwa kosa. Jumamosi mtaonyesha wote wawili."

Redio alinitazama. "Ulijua lini?"

"Nikiwa nakula."

"Ukaja hapo hapo?"

"Nilimaliza kula kwanza."

"Jamani!" Betri zilikuwa zimerudi. "Mwenzio naonewa, wewe unakomba sahani!"

Darasa lilicheka, hata Mwalimu. Kisha akatunyamazisha.

"Sikilizeni. Kitu kikiharibika, tafuteni kosa kabla ya kutafuta mkosaji. Na ukigundua kosa ni lako, liseme upesi. Kila dakika unayonyamaza, kuna mtu anakubebea mzigo."

Halafu akanigeukia. Sauti haikuwa laini tena.

"Na wewe, Mashoto. Umekosea amri, kisha umechelewa kusema. Nilikuwa nakushika kama yai kwa sababu ya msiba wako, ndiyo maana sikuangalia kazi yako. Hilo ni kosa langu. Ukikosea, nitakuambia umekosea, kama ninavyowaambia wenzako wote. Jioni utafagia darasa hili peke yako."

"Ndiyo, Mwalimu," nilisema, na machozi yakaanza kunitoka, ya kwanza tangu tumzike mama.

Mwalimu aliyaona. Hakuniambia ninyamaze, wala hakunifutia adhabu. Jioni nililifagia darasa zima nikilia, na Redio akakaa juu ya dawati kunionyesha kila mahali palipobaki vumbi.